Nyamisi, Mkuu wa Kaya

Tarehe 3 Mei mwaka huu alifariki Konsolata, asubuhi, hospitalini Musoma, nami nikampoteza mtu pekee niliyewahi kumwona akiyaamrisha maneno nayo yakatii. Tulimzika kijijini kwao kwenye rasi, mahali ambapo ukisimama kaburini unaliona ziwa pande mbili. Aliyesoma wasifu alisema marehemu alikuwa mtaalamu wa takwimu, akataja vyuo na ofisi alizopitia, watu wakaguna kwa heshima. Mwaka wetu wa Iringo haukutajwa, na sikutegemea utajwe. Nilikaa chini ya turubai na wanawake wenzangu, sahani ya wali na sato magotini, nikisikia mmoja nyuma yangu akimwuliza mwenzake, "Takwimu ndiyo kazi gani hasa?" Mwenzake akajibu, "Kuhesabu watu." Nilitaka kugeuka niseme si kuhesabu tu. Sikugeuka. Msiba si mahali pa kusahihishana, na mimi shule yangu iliishia kidato cha pili. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani jibu lile lilinikaa kooni, ndiyo maana naandika.

Mwaka wenyewe ni 1998, mvua zile kubwa zilipokwisha zikaacha kipindupindu nyuma yake. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili Iringo, mjini Musoma, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Chumba cha mbele kilikuwa cha Bwana Sospeter, msimamizi wa mradi, mtu wa Songea, mcheshi, mwenye kupenda shati jeupe na kulichukia joto la ziwa. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu: meza mbili, kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufumwa kama redio za zamani, na marundo ya madodoso yaliyonuka vumbi na moshi wa majiko ya vijijini. Dirisha lilitazama ua ambamo Mama Pendo alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani yakiwa kichwa na mifupa. Waliokula pale wengi walikuwa wanaume waliopunguzwa kazini. Soga zao ziliingia dirishani pamoja na moshi. "Soko huria limefika," alisema mmoja kila siku akinyonya mfupa. "Minofu inapanda ndege, miiba inabaki na wananchi." Na mwingine, "Sasa wewe ulitaka mwiba nao upande ndege?" Nasi tulicheka huku tunapiga chapa. Saa saba tulitoka kwenda kula mapanki hayohayo kwa ugali wa muhogo, na sijala samaki mwenye ladha ile tangu wakati huo.

Mradi ulikuwa wa visima. Wadodosaji walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba, Bunda, Butiama, Buswahili na vijiji vya ufukweni, wakiandika kila kaya ina nani na inachota maji wapi. Visima havikutosha vijiji vyote. Wafadhili walikuwa wameamua kwamba vitaanza kwenye vitongoji vyenye kaya nyingi zinazoongozwa na wanawake, kwa kuwa huko ndiko shida ilikokuwa kubwa. Buswahili, kitongojini kwetu, tulichota kwenye dimbwi tulilogawana na ng'ombe, na kipindupindu kilikuwa kimeshatupitia. Mwanangu Wambura, aliyekuwa anaanza tu kusema, alikuwa huko na bibi yake. Kila dodoso nililolishika kutoka upande wa kwetu nililipiga chapa kana kwamba namtwisha ndoo kichwani.

Nilikuwa nimejifunza kupiga chapa kwa masista, kwa mashine za chuma. Nilidhani kompyuta ni mashine ileile iliyopewa dirisha. Nikikuta kosa, nalifuta na kuliandika upya. Na makosa yalikuwepo tele, maana kila mdodosaji aliandika alivyojua: mmoja Bunda Mjini, mwingine bunda mjin, mwingine B/Mjini, mwingine Mjini-Bunda. Kwa kompyuta hivyo vilikuwa vijiji vinne. Nilikuwa nikivifuata kimoja kimoja, mstari kwa mstari, hadi macho yakawasha. Siku moja Konsolata, aliyekuwa amewasili kutoka Dar es Salaam juma lile, alisimama nyuma ya kiti changu akiwa na kikombe cha chai.

"Mama Wambura, unafanya nini?"

"Nasahihisha Bunda, dada."

"Bunda yote? Kwa mkono?"

"Kwani kuna kingine cha kusahihishia?"

Akacheka, akavuta kiti. Alikuwa na programu ya takwimu ambayo jina lake ni herufi moja tu, R, iliyokuja kwenye disketi kutoka kwa rafiki aliyekuwa akisoma nje. Haikuwa na picha wala vitufe. Kilichokuwepo ni alama ndogo pembeni mwa skrini nyeupe, inakungoja useme. "Usilitafute neno," aliniambia. "Litafutie sura." Akanionyesha. Nukta husimama badala ya herufi yoyote, kama mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni. Nyota ikifuata nukta inasema: herufi yoyote, nyingi kadiri zilivyo, hata kama hazipo. Akaandika mstari mmoja mfupi ambao mimi niliuona kama mikwaruzo ya kuku. Akapiga kitufe. Nikasubiri kuona kitu kikianza. Hakikuanza kitu. Alipoita orodha, Bunda Mjini zilikuwa zimesimama safu nzima, kaya kwa kaya, zote za namna moja, kama wanafunzi waliosikia kengele. Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke.

Nataka kueleza nilichohisi, na sina maneno yake hata leo. Haikuwa furaha kwanza. Nywele zilinisisimka. Nimeona radi ikipasua mwamba kule Butiama, nimeona ziwa likichafuka ghafla mchana mweupe, lakini hivyo vina kelele. Hiki kilikuwa kimya. Mtu alikuwa ameieleza sura ya jambo, na kila kitu chenye sura hiyo, popote kilipojificha katika maelfu ya mistari, kikaja. Nilijikuta mkono mdomoni, nanong'ona jina la Yesu. Konsolata alinitazama, hakunicheka. Alisema, "Hata mimi siku ya kwanza nilitokaga nje kupunga hewa."

Alinifundisha taratibu, mchana baada ya kula, umeme ukiwepo. Nilijifunza vibaya kabla ya kujifunza vizuri. Siku moja nilitaka kuondoa maneno yaliyowekwa kati ya nyota na nyota nyingine, nikaandika amri yangu mwenyewe kwa fahari, nikapiga kitufe, na mistari ikabaki mitupu, majina na umri na maji, vyote vimemezwa. Nilikaa nimeshika mdomo. "Nukta na nyota ni walafi," alisema, naye akicheka hadi machozi. "Ukiwafungulia mlango hapa, hawasimami kwenye mlango wa karibu, wanakwenda mpaka ule wa mwisho kabisa, wanabeba kila kilichomo njiani." Kisha akafungua nakala ya mwanzo, ambayo hakuigusaga kamwe, na kaya zote zikarudi. Pale ndipo aliponipa sheria yake ya kazi. Kabla ya kubadili, iambie mashine ikuonyeshe kwanza mistari itakayoguswa. Isome. Isome kwa sauti ikibidi. Ukisharidhika, ndipo ubadili. "Mashine haijui huruma wala haina haraka," alisema. "Haraka ni yetu."

Mwezi wa nane Bwana Sospeter aliingia chumbani kwetu na karatasi. Ripoti ilitakiwa, na alikuwa amepitia matokeo ya mwanzo.

"Konso, wadodosaji wako walikuwa wamekunywa. Angalia hapa. Mkuu wa kaya, mwanamke. Sawa. Halafu chini yake, mke! Mwanamke ana mke? Tukiwapelekea Wazungu hii watasema maji tunayotafuta siyo ya kunywa, ni ya kuoshea vichwa."

"Labda walikosea jinsi ya mkuu," alisema Konsolata.

"Ndiyo hilo. Mwenye mke ni mwanaume. Badilisha zote, kesho nichape ripoti."

Akatoka anapiga mluzi. Kila kaya kwetu ilikuwa mstari mmoja, ikianza na mkuu na jinsi yake, KE kwa mwanamke na ME kwa mwanaume, kisha waliomo. Konsolata aliandika amri, na mimi nilishaanza kuzisoma. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu niliinakili moyoni:

sub("mkuu KE(.*mke)", "mkuu ME\\1", kaya)

Maana yake si ngumu. Tafuta palipoandikwa mkuu KE, na mbele yake kwenye mstari huohuo pana mke. Geuza KE kuwa ME. Kilichomo kwenye mabano kishike, na pale penye moja kirudishe kama ulivyokikuta. Herufi moja tu inaondoka katika kila mstari, K inatoka, M inaingia, na mwanamke anakuwa mwanaume. Hakuipiga. Kwa sheria yake aliiambia kwanza mashine ionyeshe mistari itakayoguswa, nayo ikaanza kushuka kwenye skrini. Wachache walikuwa wa Bunda, wachache wa Butiama. Kisha ikaja Buswahili, na kitongoji chetu, mmoja, mwingine, mwingine, majina ya wanawake ninaowajua mpaka khanga zao. Na katikati yao: mkuu KE, Nyamisi, mke, Bhoke, mtoto ME, Wambura.

Bhoke ni mimi.

Inanibidi nieleze, kwa wasio wa Mara. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mumewe na hana mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, ili watoto watakaozaliwa washike jina la nyumba isizimike. Tunaita nyumba ntobhu. Hawalali kama mke na mume. Yeye ndiye mwenye mji, na watoto ni wa kwake. Sisemi ni desturi njema kwa kila aliyeolewa hivyo. Nimewajua waliofanyishwa kazi kama punda. Mimi nilimpata Nyamisi, ambaye pamba ilipokosa mnunuzi wa kueleweka aliniambia, "Wewe una vidole vya mjini. Nenda kapige hiyo mashine, mtoto nitamlea." Nyumbani nilimwita Mama. Mjini, Nyasho nilikopanga, waliniuliza, "Baba Wambura yuko wapi?" Nami nilijibu, "Mwenye mji yuko Buswahili, analima." Wakaridhika. Hapo kanisani kwetu jambo hili lilisemwa kwa kejeli, nami nimo benchini nasikiliza.

Kidole cha Konsolata kilikuwa kinarudi kwenye kibodi. Nikaona kitongoji kizima kikigeuka wanaume. Nikaona kisima kinahamia kwingine, kimya kimya, bila mtu yeyote kukosea wala kuiba.

"Dada," nilisema. "Usipige."

"Nini?"

"Siyo makosa. Wameandika ukweli."

Aligeuka. Nje Mama Pendo alikuwa anamgombeza mtu kuhusu chumvi. "Huyo Nyamisi," nikasema, nikigusa skrini, "ndiye aliyenioa. Huyo Bhoke ni mimi."

Alitazama jina, akanitazama mimi, kisha jina tena. Niliogopa atacheka, na kama angecheka nadhani ningetoka na nisirudi. Alisema polepole, "Nilisikiaga mambo haya nikiwa mdogo. Nikajua ni ya zamani." Halafu akaondoa mikono kwenye kibodi akaiweka magotini, kama mtu aliyejikuta ndani ya nyumba ya watu bila kubisha hodi. "Na ilikuwa imebaki sekunde moja," alisema. "Sekunde moja, Mama Wambura."

Bwana Sospeter hakukubali upesi. Siyo kwamba alikuwa mbaya. Ripoti ilikuwa na jedwali lisilokuwa na chumba cha mwanamke mwenye mke, na yeye ndiye angeulizwa. "Nitawaelezaje?" alisema, akijifuta jasho. "Nami mwenyewe sijaelewa!" Konsolata akamwambia kisichoeleweka huendewa. Asubuhi tukapanda Land Rover ya mradi, sisi watatu na dereva, tukapita Butiama katikati ya mawe makubwa, tukateremka hadi Buswahili.

Tulimkuta Nyamisi uani akianika michembe ya viazi vitamu juu ya mkeka. Wambura alikuwa amelala kivulini mwa ghala. Wageni wakasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka, kisha akaniambia, "Mke wangu, hawa umewapa maji?" Bwana Sospeter alikohoa. Nikaleta maji, yaliyochemshwa na bado yana rangi ya udongo, wakayatazama kabla ya kuyanywa. Tulikula ugali wa mtama na mlenda na dagaa, Nyamisi akiwa kwenye kigoda cha mwenye mji, sisi kwenye mkeka.

"Mama," Konsolata alianza, "kwenye karatasi zetu tunataka kujua tukuandike vipi."

"Niandikeni Nyamisi."

"Ndiyo, lakini mashine inataka kujua kama ni mwanaume au mwanamke."

Nyamisi aliacha kutafuna. "Nyie mnanionaje?"

"Mwanamke, Mama," alisema Bwana Sospeter haraka.

"Basi hiyo mashine inashindwa nini? Nimezaa mabinti, wote wameolewa. Jandoni sikukaa. Msije mkaniandika mwanaume, wazee watanidai nikakae nao baraza." Alicheka, hana meno ya mbele, nasi tukacheka kwa kuwa alituruhusu. Kisha uso ukatulia. "Lakini huyu nilimtolea ng'ombe. Ni mke wangu. Mkimwondoa, na mtoto mmemwondoa, na nyumba ya marehemu mmeizima. Andikeni vyote viwili. Kwani hiyo mashine ikibeba vyote viwili itavunjika?"

Konsolata alitikisa kichwa. "Haivunjiki, Mama."

Tuliporudi Iringo alikaa bila kuvua viatu. Akaifuta ile amri ya kwanza, akaandika nyingine:

sub("mkuu (KE)(.*mke)", "mkuu \\1 mume\\2", kaya)

KE safari hii imo ndani ya mabano. Inashikwa na kurudishwa ilipokuwa, haiguswi. Kinachoongezeka ni neno moja pembeni yake. Aliitisha mistari kwanza tukaisoma kwa sauti, yeye mmoja, mimi mmoja, na Bwana Sospeter mlangoni anasikiliza: mkuu KE mume, Nyamisi, mke, Bhoke, mtoto ME, Wambura. "Piga wewe," aliniambia. Nikapiga. Kimya kilekile cha siku ya kwanza. Nimekaa mbele ya kompyuta nyingi baadaye, na kila mara kidole kinapofika kwenye kitufe hicho ule msisimko hurudi, kwa maana najua sasa kwamba nguvu ileile iliyokuwa imfute Nyamisi ndiyo iliyomshika ikamrudisha kama alivyo. Kilichotofautiana ni mabano mawili, na mtu aliyekubali kusoma kabla. Bwana Sospeter aliongeza chumba kwenye jedwali lake kwa mkono, kwa rula, akiguna. Chini yake akaandika maelezo marefu. Wafadhili hawakuyarudisha.

Kitongoji chetu kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Siku ya kuanza kuchimba, kabla mafundi hawajawasha mtambo, walitaka kila mkuu wa kaya apige jembe moja ardhini, ili baadaye asiwepo wa kusema kisima ni cha wengine. Konsolata alikuja na karatasi kutoka kwenye printa yetu. Mwenyekiti wa kitongoji akasoma majina, na wanaume wakawa wanatoka, wanapiga, wanarudi. Akafika kwenye mstari mmoja, akausogeza karibu na macho, akausoma wote kama ulivyo: "Mkuu, KE, mume. Nyamisi."

Kulikuwa na kicheko upande wa vijana. Mmoja akasema, "Mume aje na ndevu zake!" Nyamisi alikwisha simama. Alipita katikati yao na khanga yake ameifunga kiunoni, akapokea jembe, akalipima uzito, akalishusha. Udongo ulipasuka vizuri. Wanawake wengine wa karatasi ile wakaanza kusogea mbele kabla hawajaitwa. Konsolata alikuwa amesimama kando yangu, mkono mdomoni, kama mimi siku ile ya Bunda Mjini.

Nyamisi akampa mwenyekiti jembe, akaja hadi tulipokuwa, akamchukua Wambura mgongoni mwangu.

"Haya, mke wangu," alisema. "Mlete na huyo mwenzako wa mashine. Twende nyumbani ukapike."

Tukaenda, na Konsolata ndiye aliyesonga ugali.